Leso ya Kupigia Dawa

Mama yangu hulima sukuma wiki nje kidogo ya jiji. Mimi naishi Kilimani, ghorofani, na hata dania imenishinda kukuza. Kila Jumamosi nilikuwa nampelekea mtoto wangu wa miezi minane ambebe, maana wale wawili wanapendana hadi mimi naona wivu.

Glavu, maski na ovaroli nilimnunulia mjini. Akavikunja vizuri, akaviweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. "Vitachafuka," aliniambia. Jamani! Kinga yake ilikuwa glasi ya maziwa: akimaliza kupiga dawa ya wadudu anakunywa, eti yanasafisha kifua. Nikamfokea kwenye simu, "Basi Mama, kama maski ni ya maonyesho, jifunge hata leso mdomoni!" Akasema sawa. Nikajiona nimeshinda.

Jumamosi iliyofuata nilimwachia mtoto nikaingia jikoni kuchemsha chai. Nilipotoka, alikuwa amemfunga mgongoni kwa leso ya manjano, anamwimbia, na mtoto ametulia tuli ananyonya pindo lake. Harufu ya dawa ilinifikia kabla sijawafikia.

"Mama! Hiyo leso umeitoa wapi?"

"Si ni ile ya kupigia dawa? Nimetoka nayo shamba saa hii. Ulisema nijifunge, nikajifunga."

Nilimpokonya mtoto. Nilipiga kelele, sijui hata nilisema nini, na katikati ya kelele nikasikia vizuri alichosema. Ni mimi niliyemwambia. Sikumwambia aivue, wala aifue peke yake. Sasa nimkasirikie nani? Nilichanganyikiwa kabisa, nikaendelea kumfokea yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Tulimwogesha mtoto, tukamkimbiza kliniki ya Ngong Road. Mungu ni mwema, hakupata neno. Muuguzi alitueleza polepole: nguo za dawa zikae mbali na nyumba, zifuliwe peke yake, na mtu aoge kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto. Maziwa hayazuii chochote. Mama aliitikia kila kitu kwa kichwa, bila kuniangalia.

Wiki iliyofuata nilikuta ovaroli imetundikwa kwenye banda la majembe, imechafuka sawasawa, glavu na maski pembeni. Nilifurahi kweli. Mtoto akamwona shosho yake, akamnyooshea mikono. Mama akarudi nyuma hatua mbili, mikono yake ameificha mgongoni.

"Mama, umepiga dawa leo?"

"Tangu Jumanne sijapiga. Na leo nimeoga mara mbili."

"Basi mchukue."

"Una hakika?"

Mimi, mwenye majibu yote kwenye simu, nilitaka kusema ndiyo, nikashindwa. Mtoto akaanza kulia, mikono bado ameinyoosha, na sisi wawili tukasimama tu tukimtazama.