Noreen na Mafumbo ya Bundi

Siku ya Alhamisi watungaji wa mafumbo ya maneno walikunywa chai yao kwa hofu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Noreen Oldroyd kwenye ule ukurasa wa mtandaoni ambapo wapenzi wa mafumbo ya gazeti hukutana kuyachambua. Yeye alijiita Nyuki, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mfamasia katika mji mdogo wa Todmorden hadi alipostaafu. Maisha yake yote alipima dawa bila kuzidisha wala kupunguza, na vidokezo vya mafumbo alivipima kwa mizani ileile.

Hakuwa mchoyo wa sifa. Mtungaji mmoja aitwaye Bundi aliwahi kuandika, "Mnyama wa pwani aambiwa asiondoke (3)." Jibu ni KAA. Noreen alimmwagia sifa: maneno matano tu, hakuna hata moja lililokaa bure, na maana zote mbili zimesimama wima. Lakini wiki iliyofuata Bundi huyohuyo alilazimisha majibu yafuate dhamira ya maua hadi kona moja ya fumbo ikajaa maneno yasiyotamkwa na mtu mwenye meno. Hapo Nyuki aliuma. "Dhamira," aliandika, "ni mgeni. Ukimpa kila chumba, wenye nyumba watalala nje." Wasomaji walicheka, na mambo yakaenda hivyo miaka na miaka.

Kilichobadilika kilianza na neno moja. Vuli ile Bundi alitoa kidokezo hiki: "Rafiki, sura yako yaficha kikatacho (4)." Noreen alikitazama asubuhi nzima. Alipika chai, ikapoa. Mwisho akaandika kwamba kidokezo hakina haki, hakina njia ya kuingilia wala ya kutokea, na mtungaji aone haya.

Majibu yalikuja haraka, ya upole, na upole ule ndio uliomtia baridi. "Nyuki, limo ndani: rafiKI SUra. Kisu." Mwingine akaongeza, "Unatutania leo, siyo?"

Neno lililofichwa ndani ya maneno mengine! Hicho ndicho kidokezo cha kwanza anachofundishwa mtoto. Noreen alikaa mbele ya kompyuta mikono ikiwa mapajani. Hakuwaza kwamba yeye amekosea. Aliwaza: kwa nini kisu? Na huyo rafiki ni nani?

Akalirudia fumbo zima. KISU. Chini yake NYAMA. Upande wa pili FIGO, na katikati kabisa, MOTO. Alishika ukingo wa meza. Kila mtu kule mtandaoni alikuwa ameshaiona dhamira na kuipigia makofi: pai ya nyama na figo, chakula cha bibi zao, hata kitunguu kilikuwemo. Noreen hakuona pai. Aliona mtu aliyechoka kuumwa na Nyuki na sasa anamwambia atakavyomfanya.

Tangu siku hiyo kila fumbo likawa linamsemesha yeye. Neno NGAZI likitokea, aliacha kupanda ghorofani na kulala kwenye kiti. Likija MOSHI, alizima jiko na kula mkate mkavu. Uchambuzi wake ukawa mrefu, mkali, wa kushangaza. Mwisho aliandika, "Bundi, najua unapajua kwangu." Wenye ukurasa waliyafuta maneno hayo upesi, kisha wakaanza kuulizana kimyakimya ni nani anayemjua Nyuki.

Aliyemjua alikuwa Thelma Sugden wa mlango wa pili, mjane mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye hajawahi kujaza fumbo hata moja. Thelma aliona mapazia ya jirani yake hayafunguliwi mchana kweupe. Akagonga.

"Nani?"

"Mimi, nani mwingine? Mfalme?"

Kikasikika kitu kizito kikiburutwa. Noreen alikuwa ameweka kabati la vyombo nyuma ya mlango.

"Noreen wee, umehama au umefungwa?"

"Ingia upesi. Asikuone."

"Asinione nani, mpenzi?"

Noreen alimvuta ndani. Alimwonyesha gazeti mezani. Fumbo la siku ile lilikuwa limejazwa kwa wino, herufi safi, zimepangwa kama dawa rafuni. Thelma aliinama asome, akasoma tena, kisha nywele za shingoni zikamsimama. Hakukuwa na neno hata moja. Kila kisanduku kilikuwa na herufi, na herufi zote hazikusema kitu.

"Haya ni maneno gani, mwenzangu?"

"Ndiyo majibu," Noreen alisema. "Yote yameingia."

Thelma alivuta kiti akaketi. Jioni ile mpwa wake alimsaidia kuwaandikia wenye ukurasa. Kwa njia hiyo habari zikamfikia Bundi mwenyewe.

Alikuja kwa treni kutoka Leeds, mzee mwembamba, mwalimu wa muziki wa zamani aitwaye Alban Haigh, kofia mkononi kabla hajafika mlangoni. Thelma alimtangulia. Noreen alikuwa jikoni akikata mkate. Aligeuka akiwa na kisu mkononi.

"Huyu ni nani?"

Thelma alitaka kudanganya. Mzee akamtangulia. "Mimi ndiye Bundi, bibie. Sikuja kwa ubaya. Nimekuja kuumwa ana kwa ana."

Noreen alimtazama kuanzia viatu hadi kipara. "Nilidhani wewe ni mkubwa."

"Wengi hudhani."

"Kaa, basi. Thelma, mpe chai."

Kisu kikawekwa chini. Haigh alikunywa, kisha akauliza kwa heshima ile pai yake ilikuwa na kosa gani. Noreen akanyooka. Macho yakarudi yale ya nyuma ya kaunta ya dawa.

"Kosa lako ni kitunguu," alisema. "Neno refu, umelisukumiza kona ya chini kwa kuwa ulilipenda. Maneno mawili ya pembeni yakawa takataka. Ungeliacha, dhamira ingesimama. Waliokusifu hawakukufaa."

"Kweli kabisa," alisema Haigh. Naye hakusema hivyo kumfurahisha tu. Kosa hilo alilijua tangu siku alipolituma fumbo, na hakuna mwingine aliyeliona.

Thelma alianza kutabasamu. Ndipo Noreen alipoweka kikombe chini, akamgeukia mgeni kwa adabu na kumuuliza, "Na wewe, bwana, umekuja kusoma mita ya umeme?"

Daktari wa Halifax alilipa jambo hilo jina, maradhi ya usahaulifu wa uzeeni, jina ambalo Thelma alikuwa analijua tangu siku ya kabati. Zamu ya Alhamisi alipewa mtu mwingine, mpole, na watungaji wakasema wamepumzika, ingawa baadhi yao walikiri kwamba mafumbo yao yamelegea. Majira ya kuchipua Noreen alihamia nyumba ya wazee kule juu mlimani.

Haigh humtembelea. Humpelekea fumbo kabla halijaenda gazetini. Siku nyingine Noreen hulichambua vizuri hadi Haigh hurudi kwenye treni akifuta vidokezo vyake. Siku nyingine Noreen hulishika fumbo kwa ncha za vidole kama kitu cha moto, na kuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyelituma na kama amefuatwa njiani. Haigh humwambia hakufuatwa. Humuaga, hutoka, hufunga mlango taratibu. Kisha, akiwa bado ukumbini, husikia kiti kikiburutwa upande wa pili.