Rafiki wa Wifi wa Kiti cha Nyuma

Wifi yangu, mdogo wake baba mtoto, ni mtu wa aibu. Sisemi ile aibu ya kuinamisha macho mbele ya wakwe, hiyo kila mtu anayo. Yake ni ya kuuomba mlango radhi kabla ya kuufungua. Akikanyagwa mguu njiani, yeye ndiye anayesema samahani, na akikanyagwa tena anashukuru. Siku moja nilimtuma sabuni akarudi na kiberiti, kwa sababu muuza duka alimpa kiberiti na yeye hakuthubutu kukikataa. Nikamtuma tena, akarudi na kiberiti kingine.

Mtu huyo ndiye aliyepata nafasi chuo cha ufundi, kusomea umeme. Baba mtoto, ambaye ni fundi baiskeli, alifurahi mpaka akaenda kuwaambia watu asiowajua. Chuo kilikuwa jirani na tulipopanga, basi wifi akaja kukaa kwetu. Chumba kimoja, pazia katikati: huku sisi na mtoto, kule wifi na begi lake. Nalitaja begi kwa sababu hakuwahi kumaliza kulifungua. Kila asubuhi alichomoa gauni moja, akafunga zipu, kama mtu aliyekaa stendi.

"Wifi, misumari ipo ukutani. Hizo nguo zitapumua lini?" nilimuuliza.

"Zinapumua humo humo, wifi."

Mimi shule yangu iliishia ya msingi, lakini zipu naielewa. Nilijua kuna kitu. Nilipombana sana akaniambia: muhula ukiisha anarudi nyumbani, na harudi tena chuo. Hana mtu. Anakula peke yake nyuma ya karakana. Mwalimu amekuwa akimwita jina la mwanafunzi mwingine tangu wiki ya kwanza, naye anaitika tu, mpaka huyo mwingine akaanza kupewa maksi zake.

"Usimwambie kaka," alisema.

Sikumwambia. Lakini kila nikisikia ile zipu asubuhi, nahesabu wiki zilizobaki za muhula.

Halafu Jumatano moja wifi akarudi jioni amelowa chapachapa, anatabasamu.

"Wifi, nimepata rafiki."

Niliacha kumnyonyesha mtoto, mtoto akanuna. "Rafiki gani? Wapi?"

Akasimulia. Mvua ilimkuta karibu na karakana ya ushonaji, akaingia kujikinga. Kumbe mle ndani kulikuwa na ushirika wa wanachuo Wakristo, tayari wako kwenye maombi. Taa za nyuma zilikuwa zimekufa, akajipenyeza kiti cha mstari wa mwisho, gizani. Hakuna aliyemwambia asimame ajitambulishe. Na kuomba kwenyewe ni kule kwa wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, kwa sauti ya juu, macho yamefumbwa.

"Wifi, ni kelele tamu! Unaweza kusema lolote na hakuna anayekusikia, hata wewe mwenyewe hujisikii. Nikafungua mdomo. Nilisema yote."

"Na huyo rafiki?"

"Alikuwa kiti cha pembeni yangu. Dada mmoja ana mtandio wa bluu. Ametulia, anatazama mbele. Hakunigeukia hata mara moja."

"Alikwambiaje?"

"Hakuniambia kitu. Ndiyo uzuri wake, wifi."

Jumatano iliyofuata akarudi tena, na iliyofuata. Maombi yakianza tu, anamwinamia yule dada na kumweleza ya wiki nzima, halafu anamalizia kwa Mungu, mara nyingine anaanza na Mungu anamalizia kwa dada. Na wiki ikizunguka, mambo yakawa yanajibiwa. Alisema kichwa kinamuuma. Wiki ya pili akakuta vidonge kwenye mapaja ya dada. Alisema sweta lake limefumuka. Akakuta sindano imeshatungwa uzi wa rangi ile ile. Akasema anaogopa mtihani wa kupanda nguzo, mikono inateleza. Akakuta glavu za turubai, zimeshonwa kwa mkono, vidole vyote vinamtosha.

Na wifi akabadilika. Alianza kuimba nyuma ya pazia, kidogo kidogo. Akawa anaombea chakula, kwa sauti ndogo mno kiasi kwamba hatukujua kama amina imefika au bado, tunabaki tumeshika vijiko hewani tunatazamana. Na siku moja alitoka dukani ameshika sabuni.

"Alinipa kiberiti," alisema. "Nikamwambia hapana."

Baba mtoto alitaka kuchinja kuku. Ila begi bado zipu ilikuwa inafungwa, na mimi nilikuwa nasikiliza.

"Kitu kimoja tu kinanipa wasiwasi," aliniambia wifi. "Nilimshika mkono dada wakati wa sala. Ni wa baridi! Nadhani ana upungufu wa damu."

Nikapika chai ya tangawizi, nikaijaza chupa, akapeleka. Chupa ikarudi tupu.

"Amekunywa yote!" wifi alisema.

Baada ya hapo aliniomba niende naye, nimwone huyo dada. Nikavaa kitenge changu kizuri, mtoto nikampakata, tukaenda.

Karakana ilikuwa na vyerehani vimepangwa ukutani, na vipande vya vitambaa sakafuni. Mbele walisimama vijana wachache, wanaomba kweli kweli, jasho linawatoka. Nyuma, gizani, mstari wa watu wametulia sana, wamejifunika mitandio na kofia. Tukakaa. Dada wa mtandio wa bluu alikuwa kati yetu na msichana mwingine mwembamba aliyejikunyata kwenye kiti cha mwisho.

"Dada, huyu ndiye wifi yangu niliyekuambia," wifi alinong'ona.

Nikamsalimia. Hakuitika. Nikajisemea, labda yuko rohoni. Lakini mimi nikikaa mahali naangalia. Niliangalia kope: hazipepesi. Niliangalia mdomo: umepakwa rangi nyekundu inayong'aa hata kwenye giza. Nikaangalia chini, nikaona miguu yake haigusi sakafu. Nikaanza kuomba na mimi, na niliomba kwa sauti kuliko vijana wa mbele.

Mtoto ndiye aliyemaliza kazi. Alinyoosha mkono, akashika ule mtandio wa bluu, akavuta kama anavyovuta kila kitu, na mtandio ukaja na kichwa.

Kichwa kilianguka, kikagonga sakafu, ko, ko, ko, kikabingirika kupita chini ya viti mpaka kwenye mguu wa kiongozi wao. Maombi yakakatika. Wakati huo huo dirishani alikuwa amesimama mzee anayetunza milango ya chuo, wanamwita Baba Funguo, anawahesabu kwa kidole.

"Wa nane, wa tisa... wa kumi hana kichwa!" alipiga ukelele. "Hana kichwa na amekaa!" Akatimua mbio, funguo zinalia kiunoni kama kengele za mbuzi.

Wifi alikuwa bado ameushika mkono wa rafiki yake. Aliruka kukimbia bila kuuachia, na mkono ukang'oka begani ukaenda naye. Nikamfuata na mtoto. Alipita barabara nzima ameshika mkono wa mtu, watu wanampisha, mwenye baiskeli akaingia mtaroni mwenyewe bila kuguswa. Jirani yetu Mama Mkaa, anayeuza mkaa mlangoni, alisimama.

"Ee! Wifi yako kamuua nani?"

"Hajaua mtu, ni sanamu!"

"Sanamu lilimkosea nini?"

Nilimkuta wifi nyuma ya pazia. Aliposikia kaka yake anarudi, ule mkono akaushindilia chini kabisa ya begi, akafukia na nguo zote, akafunga zipu. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Nilimwambia mambo yangu yote, wifi," alisema. "Nilimwombea damu iongezeke."

Sikujua nicheke au nimkumbatie. Nilimkumbatia, na kucheka nilikumeza.

"Sisubiri mwisho wa muhula. Kesho kutwa naondoka."

Kesho yake mchana nikasikia Mama Mkaa anaangua kilio nje. Nikatoka mbio. Vijana saba walikuwa wanaingia uani taratibu, wamembeba mtu aliyefunikwa shuka. Mama Mkaa ameshavua mtandio kichwani na kujifunga kiunoni, analia kwa kupokezana na pumzi, halafu akanigeukia katikati ya kilio: "Kwani nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," alisema kijana wa mbele. Alikuwa yule kiongozi, anasomea useremala, na bisibisi ilikuwa mfukoni. "Tumeufuata mkono."

Nikawakaribisha. Walijaa chumba mpaka kitandani, sanamu tukaliegemeza ukutani, limesharudishiwa kichwa, kinaangalia upande. Wifi hakutoka nyuma ya pazia. Kiongozi akaeleza, kwa heshima kabisa. Chuo kinatoa chumba kwa kikundi chenye watu kumi na wawili tu. Pungufu ya hapo, chumba wanapewa wacheza sarakasi. Wao ni saba. Karakana ina masanamu matano ya kuvalisha nguo. Basi wakayavalisha na kuyakalisha nyuma, Baba Funguo akipita anahesabu vichwa anaenda zake.

"Tena alikuwa anatusifia," alisema kiongozi. "Anasema wale wa nyuma ndio wenye nidhamu."

Sasa karakana imefungwa, na mwalimu wa ushonaji anataka sanamu lake likiwa zima.

"Samahani, dada uliye nyuma ya pazia," aliendelea, "na wewe unasoma chuo chetu?"

Nikajibu mimi. "Anakaa nanyi kila Jumatano tangu ile siku ya mvua. Mstari wa nyuma."

Kijana alikunja uso. "Mstari wa nyuma ni masanamu na mwenzetu mmoja tu, dada." Akahesabu vidoleni, akahesabu tena, akashika kichwa. "Mungu wangu. Niliona yamekuwa sita. Nikasema moyoni, Bwana ameongeza."

"Siku ya mvua ulinitundikia koti lako," sauti ya wifi ilitoka nyuma ya pazia, ndogo kama ya sala ya chakula.

"Nilikuwa natafuta pa kulianika..."

"Nilidhani umenionea huruma. Nililowa."

Nikasikia pumzi inavutwa nyuma ya pazia, ndefu, nikadhani sasa ndiyo analia.

"MIMI NI MTU!"

Sufuria zililia rafuni. Mtoto akaacha kunyonya. Nje Mama Mkaa akaitika, "Ndiyo, mama, wewe ni mtu!"

"Ni mtu! Nina jina! Na jina analoniita mwalimu si langu! Mnaombea mataifa ya mbali, mimi niko viti vitatu nyuma yenu!"

Vijana wa watu waliinamisha vichwa wote, ukiacha sanamu. Ndipo msichana mwembamba, yule wa kiti cha mwisho, akasogea karibu na pazia. Yeye ndiye anasomea ushonaji. Hakuwatazama wenzake, alilisemesha pazia.

"Mimi nilijua wewe ni mtu."

Akashika upindo wa pazia, ila hakulivuta.

"Lile sanamu huwa nalivalisha mimi. Nakaa nalo kwa sababu haliniulizi maswali. Ulipoanza kuongea nilijua unaongea na mimi, unalipita tu. Nani angeongea na sanamu?"

Pazia likafunguka kidogo, jicho moja likatokea. "Mbona hukunijibu?"

"Nilikujibu. Nilishona glavu."

"Vidonge?"

"Ni mimi."

"Na chai?"

"Nilikunywa wewe ukiwa umefumba macho. Tangawizi ilizidi."

Hapo wifi alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, alicheka mpaka akakaa chini, na yule wa kushona akacheka kwa mkono mdomoni, na kiongozi akapata nafasi ya kuomba msamaha, akauomba mara nyingi kuliko ilivyotakiwa. Kisha akasema tuombe, ila safari hii si wote kwa pamoja. Mmoja mmoja, wengine wasikilize.

Nilimwonea wifi huruma, maana kelele yake tamu haikuwepo. Zamu ilizunguka ikamfikia. Tukangoja. Mama Mkaa naye alikuwa ameacha mkaa wake, anangoja mlangoni.

"Yesu," wifi alisema, na sote tulimsikia. "Nilidhani nakwambia wewe tu. Halafu nikadhani naliambia sanamu, nikaona aibu. Kumbe ulikuwa umeweka mtu pembeni anasikia. Asante kwa glavu. Na wewe na yeye, jina langu..." Akalitaja jina lake, lote, pamoja na la baba, polepole, kama anamwandikisha Mungu. "Amina."

Amina yetu ilikuwa kubwa. Tulijua pa kuiweka.

Karakana hawakurudishiwa. Siku hizi Jumatano wanakutana kwenye kibanda cha baba mtoto, wamekalia matairi, na Mama Mkaa ana tairi lake. Wifi na yule wa kushona mwanzoni walishindwa kukaa wakitazamana, ikabidi waweke baiskeli katikati.

Lakini siku ile kulikuwa bado na mkono. Kiongozi alishatoa bisibisi, anangoja. Wifi alivuta begi, akafungua zipu, akaanza kuchimba. Mkono ulikuwa chini kabisa. Akatoa gauni, akatoa sketi, akatoa sweta lililoshonwa, akaendelea kutoa mpaka begi likabaki tupu na vidole vya plastiki vimesimama. Akaupeleka kwa kiongozi na kushikilia bega la rafiki yake wakati linafungwa.

Mimi nikamweka mtoto chini, nikakusanya zile nguo kitandani haraka, na kabla wifi hajageuka nilikuwa nimeshazitundika zote misumarini.