Shomoro Mwenye Doa Kooni

Nilipokuwa bado mtoto wa kuwinga ndege shambani mwa mtama, kwetu Asembo, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, Dani, bibi yangu mzaa baba, alitufundisha shomoro wa kuogopwa. Wa paani kuleni mkitaka, alisema. Lakini ana mwenzake wa vichakani, rangi ya vumbi, anayedonoa mbegu chini. Huyo ana tone la manjano kooni, na hulioni mpaka umshike umwinue kidevu. Ukimuua, mtoto mdogo wa boma atamfuata.

Siku moja ulimbo wetu ukanasa ndege. Aliyembandua ni Adhiambo, binti wa marehemu shangazi yangu, aliyelelewa na Dani.

"Inua kidevu tuone," nikamwambia.

Akabana koo kwa kidole gumba. "Hii ni ya paa tu. Wewe unaogopa sana!"

Akamchoma, akala peke yake. Mimi nilikataa, kwa kuwa nilishaona kinyoya cha manjano kimeganda kwenye ulimbo wa gumba lake.

Kesho yake surua ikabisha hodi. Okoth, mdogo wangu niliyembeba mgongoni tangu hajajua kukaa, akawaka homa. Dani akatuita mbele ya Mama, akauliza nani amemuua shomoro wa doa. Adhiambo akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

"Ni yeye ndio aliua."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu tulilala mkeka mmoja. Dani akatukagua mikono, akiwa amempa Mama mgongo. Yangu ilikuwa safi. Ulimbo hautoki kwa maji, na gumba la Adhiambo lilikuwa bado jeusi.

"Wewe," akaniambia mimi, "usiguse huyo mtoto tena."

Siku nne nilikaa nje ya mlango nikimsikia Okoth akiniita. Ya tano hakuita.

Nilimuuliza Dani sababu yake baada ya miaka mingi, nikiwa mtu mzima mwenye chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Migosi, wiki moja baada ya kumzika Mama.

"Niliona hiyo kidole," akasema. "Lakini Adhiambo hakuwa na kwao, wangemfukuza. Wewe ulikuwa na mama."

Ndege hakuua mtu. Surua ilipita maboma mengi mwaka ule. Hilo nalijua, na Adhiambo nilishamsamehe, alikuwa mtoto mwenye hofu. Dani sijaweza. Ni kweli nilikuwa na mama. Alikufa akiamini kwamba nilimuua mwanawe, na Dani alikuwa ameketi pale pale, kando ya kitanda chake, kimya.