Zamu Zilizofungiwa Kwenye Kompyuta

Mpwa wangu anafundisha kompyuta Same mjini. Aliposikia zamu za maji ya mfereji zimetuvurugikia huku Kihurio, alikuja na projekta, akatundika shuka kwenye ukuta wa ofisi ya wakulima, akatuonyesha filamu kuhusu historia ya programu huria. Hakuja kutuburudisha. Alikuwa ananisuta mimi.

Maji yenyewe yalikuwa yanashuka kutoka milimani kama kawaida. Kilichokwama ni programu ya kupanga zamu. Zamani kila mtu aliijua zamu yake kichwani. Nilipopewa uenyekiti wa kamati ya mfereji niliona huo ni ushamba, nikaishawishi kamati inunue programu ya kampuni moja ya Dar, iwe inapanga zamu na kumtumia kila mkulima meseji. Mpwa wangu alinionya: "Mjomba, zipo programu huria ambazo tunaweza kuzifungua na kuzitengeneza wenyewe." Nikamjibu kwamba kitu cha maana huja na fundi wake. Nilifika kidato cha nne, nikadhani hiyo inatosha. Sasa meseji zimekoma, vitalu vya mpunga vinageuka njano, na fundi wa kampuni kila nikimpigia anasema tusubiri.

Kwenye filamu, wanaume wenye ndevu walisimulia jinsi walivyozoea kupeana programu, huyu akirekebisha ya yule, mpaka makampuni yalipoanza kuzifungia. Nilikuwa natafsiri Kiingereza chao, penye ugumu naingiza Kipare, na hasira ilikuwa inanipanda. Mambo yale si mageni kwetu. Mfereji ukibomoka, baragumu linapulizwa, tunatoka na majembe kwenye msaragambo, kila nyumba na mtu wake. Hakuna aliyewahi kusubiri fundi kutoka Dar. Nimekulia kwenye msaragambo, halafu ni mimi niliyeziweka zamu mahali ambapo jembe letu halifiki.

"Kumbe Wazungu nao wana msaragambo?" akauliza mzee mwenzangu.

"Wanao," akadakia jirani yake, "ila wao wanalima wamekaa."

Watu wakacheka. Mama mmoja, ambaye kitalu chake kiko mwisho kabisa wa mfereji, hakucheka.

"Mwenyekiti, filamu nzuri. Maji lini?"

Mpwa wangu akasema anaweza kutuwekea programu nyingine, lakini anahitaji mpangilio wa zamu. Mpangilio umo ndani ya ile iliyokwama. Ule wa zamani tuliupangua sisi wenyewe programu ilipokuja, na asubuhi hiyo wanaume wawili walikuwa wameshikana mashati mferejini, kila mmoja akiapa kwamba siku ni yake.

Nikamwambia yule mama, "Chukua zamu yangu. Mimi nitajua la kufanya."

"Ahsante, baba. Zamu yako ni lini?"

Nikatoa simu mfukoni, kwa mazoea tu, nikatazama kama kuna meseji.