Shairi la Dada Konsolata

Moshi wa kuni mbichi za mkaratusi hunikosesha utulivu hadi leo. Nikiusikia, popote nilipo, miguu hutaka kusimama. Ndio uliojaa darasani kwetu Murusagamba miaka ile ya wakimbizi, nilipokuwa darasa la tano. Malori yalipita yakielekea kambini, vumbi likaingia kwenye madirisha yasiyo na vioo, nasi tuliinuka kila mara kuchungulia. Walimu nao walichungulia. Hakuna aliyetulia, nadhani hata kuku wa shule walitaga ovyo.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Agripina, alikuwa mgeni kutoka Biharamulo, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Siku moja alifunga kitabu katikati ya shairi la kuisifu treni.

"Nani kati yenu amepanda treni?"

Tulitazamana.

"Hata mimi sijapanda. Basi tuache kuisifu. Andikeni mnachokiona kwenu."

Hatukuwa tumewahi kuambiwa hivyo. Alitufundisha kuhesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane huku, tukaugua ugonjwa huo wiki nzima. Mama akinituma maji, mimi nahesabu mizani ya maneno yake. Vina ndivyo vilivyotushinda, maana nusu ya darasa iliapa kwamba "kula" na "kura" zina kina kimoja, na kwa masikio yetu zilikuwa nacho. Niliandika shairi la mbuzi wetu, likawa baya. Lakini mshairi bora angesoma mbele ya watu siku ya wazazi, na mimi nililitaka jukwaa lile kuliko chakula.

Sasa, kwetu kulikuwa na mtu. Konsolata, binti wa mjomba wangu, alikuwa amevuka mpaka na kitenge kimoja, akiwa amepotezana na wenzake njiani. Mkutano wa kijiji ulikwisha kutangaza kwamba kila mkimbizi apelekwe kambini, na atakayemficha atashitakiwa. Mama alikataa.

"Mtoto wa kaka yangu hatalala chini ya turubai nami nina paa," alisema.

Niliambiwa nisimtaje kwa mtu yeyote. Nami nawaapieni, sikumtaja. Niliandika tu.

*Yupo dada kwetu ndani, jua halijamuona,*
*Gari likija njiani, uvunguni hujibana,*
*Mama hupika chunguni, na ndizi tunagawana,*
*Nauliza kosa gani, ametenda msichana?*

Nilihesabu mara tatu. Mizani ilitimia.

Mwalimu alisahihisha madaftari mezani pake huku sisi tukichora ramani. Alipofika kwenye langu, kalamu ilisimama. Alinitazama, akatazama barabarani, kisha akalifunga. Alasiri ile ile nilimwona akipanda njia ya migombani kuja kwetu.

"Karibu, mwarimu," Mama alisema, mikono imejaa unga wa muhogo.

Mwalimu hakukaa. "Mama Oliva, huyu mtoto ana kipaji," alisema, akamkabidhi ukurasa aliouchana.

Mama hakusoma sana shuleni, lakini alisoma wa kutosha. Aliusogeza machoni, midomo ikicheza, akafika mwisho, akauweka kwenye mafiga mbele ya macho yangu. Nilitazama mizani yangu yote ikiungua.

"Oliva, siku ya wazazi utasoma lile la mbuzi," Mwalimu alisema.

"Lile baya?"

"Hilo hilo."

Mama alinionya tena, nami nikaitikia. Lakini moyo ulichemka. Nilijua siri ni kitu cha kutosema. Sikujua kwamba shairi nalo ni kusema.

Siku ilipofika, mtendaji wa kata alikalia kiti cha mbele. Nilipanda jukwaani, nikafungua mdomo, na mbuzi akanitoroka kichwani. Kilichotoka ni "Yupo dada kwetu ndani..."

Mwalimu Agripina alianza kupiga makofi. Alipiga kwa nguvu, akisogea mbele yangu. "Amesahau, mtoto wetu. Tumpe moyo." Watu wakapiga makofi, wakacheka, mtendaji naye akacheka. Nyuma kabisa nilimwona Mama, mkono mdomoni, hacheki. Nilishuka nikilia, na toka saa ile nikamchukia Mwalimu kwa chuki safi ya mtoto aliyenyang'anywa zamu yake.

Wiki chache baadaye ndugu za mama yake Konsolata walitoka Biharamulo wakamchukua. Alifika salama, leo ana watoto wanne, na mmoja wao anaitwa Oliva.

Lakini nataka kuwaambieni habari ya Jumatatu iliyofuata siku ya wazazi. Nilidhani mashairi yamekwisha. Mwalimu aliingia na karatasi kama kawaida.

"Andikeni," alisema. "Mwenye jambo lisilopaswa kusomwa, akunje ukurasa. Sitaufungua."

Nilikunja wangu mara moja, kwa kununa, nikiwa sijaandika kitu. Nilipoinua macho, dawati baada ya dawati kurasa zilikuwa zinakunjwa. Mtoto wa katekista alikunja. Mapacha wa Kisukuma wa dawati la nyuma walikunja. Hata binti wa mtendaji alikunja wake, akaubana kwa kiganja. Niliwaka hasira, nikiona wote wananiiga. Nilikuwa mtu mzima, mwenye nyumba yangu na mambo yangu ya kufunga mlango, ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile hakuna hata mmoja aliyekuwa akiniiga.