Mbwa Aliyezaliwa Anajua Kiswahili

Kwa karibu miaka mitatu niliamini, kama ninavyoamini kwamba Ziwa Nyasa lina maji, kuwa mbwa chotara huzaliwa akijua Kiswahili.

Aliyenifundisha ni fundi cherehani mmoja wa Mbinga mjini, mtu mwenye utepe wa kupimia shingoni na jibu la kila swali mdomoni. Alinieleza huku akipunguza kiuno cha suruali yangu ya mahafali. Mbwa wa kienyeji wa Maguu, alisema, anajua Kimatengo, kwa sababu amekisikia tangu akiwa tumboni. Mbwa wa Kizungu anajua Kizungu, hilo halina ubishi. Sasa damu hizo mbili zikikutana, lugha zinagombana humo ndani, hakuna inayokubali kushindwa, na mwisho zinasuluhishwa na Kiswahili.

"Kama sisi tu," akasema. "Mmatengo akikutana na Mnyasa sokoni wanaongea nini?"

"Kiswahili."

"Haya. Kwani mbwa wana soko lao?"

Nilitaka kubisha kidogo, akaniuliza kama nimewahi kumwona mbwa wa polisi akiambiwa "kaa" akakaa. Nilikuwa nimemwona, Songea, kwa macho yangu mawili. Hoja ikaisha. Na mimi wakati huo nilikuwa msomi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwenye masomo ya jioni, katika umri ambao mwalimu wa hesabu alikuwa ananiamkia shikamoo kabla ya kunipa sifuri. Nilifaulu kwa alama ambazo, kama zingekuwa mvua, zisingelowesha kitambaa. Lakini cheti ni cheti, na mtu mwenye cheti hupenda nadharia.

Wakati huo mama yangu alikuwa anaishi peke yake Maguu, kwenye nyumba ile ile aliyojengewa na baba. Baba alikuwa amefariki. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki mkoani, nami nilikaa mjini kwa ajili ya kazi. Kilichobaki naye pale ni migomba, mibuni, mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha miteremkoni, aliyoyalima kama kijana, na mbwa mmoja jike, mwekundu, mwembamba, masikio yamesimama kama ya mtu anayesikiliza umbea.

Na umbea aliusikia. Mama alimsemesha yule mbwa kutwa nzima. Alimweleza kahawa ilivyoiva vibaya, alimweleza baba alivyokuwa mbishi, alimsimulia hata mambo yangu ya ujana ambayo nilidhani tulikubaliana yasitoke nje. Yote kwa Kimatengo. Nilipokuwa napanda ile njia ya mlimani kwenda kumsalimia, nilikuwa nasikia sauti yake kabla sijaona bati la nyumba. Nilijua yupo, ni mzima, na anamsema mtu.

Sasa yule mbwa alikuwa mpole kupita kiasi. Nadhani mwizi angekuja angebebewa na mzigo. Nikaanza kuwaza: mama anazeeka, anahitaji mbwa mwenye mwili, mwenye akili, lakini asiyeuma watu wa nyumbani. Na akiwa anajua Kiswahili, hata wageni wa serikali wakija atawaelewa. Nikaamua kumpandisha yule jike apate watoto chotara. Mmoja angebaki kwa mama, wengine ningewapa wenzangu kazini, ambao nilikuwa nimeshawaahidi watoto wengi kuliko mbwa yeyote duniani anavyoweza kuzaa.

Dume nilijua lilipo. Afisa mifugo wetu alikuwa nalo, jeusi na kahawia, kubwa kama ndama, na tabia njema kuliko madiwani. Afisa mwenyewe alikuwa mama mmoja kutoka Singida, aliyehamishiwa kwetu. Watu walimwita Bwana Mifugo ingawa alikuwa mwanamke, kwa sababu cheo kilifika wilayani kabla yake. Ana kwa ana mimi nilimwita Daktari.

Nilimwendea ofisini na cheti changu cha heshima usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kalamu chini.

"Mimi dume langu silitoi ovyo," alisema. "Jike ana umri gani?"

Yule mbwa alikuwa na miezi tisa. Joto lake lilikuwa la kwanza.

"Miaka miwili na kitu," nilisema.

"Na kitu gani?"

"Na miezi, Daktari."

Akacheka. Akauliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa, nikasema amechanjwa, na hilo lilikuwa kweli. Akauliza kama ameshapita joto mbili au tatu, nikasema nadhani. Akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: jike akipandishwa kabla mwili wake haujakomaa, na dume lenyewe kubwa, unamtuma mtoto akazae majitu. "Na uwe na nyumba za kuwapokea kabla hawajazaliwa," akaongeza. "Mbwa asiye na mwenyewe ndiye anayekuja kuuma watoto wa shule."

Nikasema nyumba zipo tele. Hakwenda Maguu kumwangalia jike. Aliniamini, na ndiyo sababu hata leo nikikumbuka uso wake siku ile nasikia aibu mpaka kwenye visigino.

Nikamleta jike mjini. Mama alimfungashia kipande cha khanga yake chakavu, akaniambia nikitandike anapolala ili asipate upweke. Alimwinamia akamwambia maneno marefu kwa Kimatengo, kama mtu anayemuaga binti anayekwenda kuolewa. Mimi nikasimama pembeni nikimwambia, "Mama, tutachelewa gari."

Mimba ikakaa. Tumbo likawa kubwa mpaka miguu ikaonekana ya kuazima. Miezi miwili na siku chache baadaye, alfajiri, akaanza kukwaruza ile khanga. Kulipopambazuka alikuwa anahema na kusukuma, na hakuna kilichotoka. Saa mbili asubuhi bado. Saa tatu bado. Nilijua nani wa kuitwa, na simu ilikuwa mkononi. Lakini kumwita Daktari kulikuwa ni kumwonyesha meno ya yule mbwa, na meno hayaongopi. Nikampa maji. Nikampa maziwa. Nikamwambia pole, kwa Kimatengo, maana yeye hakuwa chotara. Saa nne na nusu ndipo nikapiga.

Alifika na pikipiki, begi begani. Aliinama, akafungua mdomo wa yule mbwa kwa vidole viwili, akatazama meno, halafu akanitazama mimi.

"Huyu ana umri gani?"

Nikaanza kunyoosha ile khanga chini ya mbwa.

"Nilikuuliza ofisini."

"Ndiyo, Daktari."

"Shika kichwa chake," alisema. Alifanya alichoweza. Watoto walikuwa wanne, wakubwa, vichwa kama viazi vya Maguu. Watatu walitoka wamekufa. Wa nne alitoka kama amekufa, Daktari akamsugua kwa kitambaa, akampulizia puani, mtoto akalia. Mama yao alimlamba mara moja. Saa tisa alasiri yule jike akafa, kichwa kwenye ile khanga.

Nilikwenda Maguu kesho yake kusema. Mama alikuwa anapembua buni kwenye kichanja. Nilimweleza yote, hata uongo wangu, kwa sababu mbele yake sijawahi kuweza kuficha zaidi ya nusu saa. Mikono yake iliendelea kupembua.

"Alikuwa bado mtoto," alisema. Basi. Hakunilaumu, na mimi ningelipa chochote alaumu.

Yule mtoto nilimlea chumbani kwangu kwa chupa. Daktari alinielekeza maziwa, joto, masaa, na namna ya kumfuta tumbo ili ajisaidie. Alikuwa anakuja kumkagua hata kama hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa mzuri jamani: mweusi wa baba, masikio ya mama. Nilimsemesha Kiswahili tupu, Kiswahili sanifu, hata mofolojia angeijua kama angeuliza. Nikisema "njoo", anakuja. Nikisema "lala", analala. Nikapita mtaani nikijisifu. Fundi cherehani akasema, "Nilikuambia."

Alipofikisha miezi miwili na nusu nikampeleka kwa mama. Nikampa na masharti.

"Mama, huyu usimsemeshe Kimatengo. Hakijui. Ukichanganya utamvuruga akili."

"Sasa nimsemeshe nini?"

"Kiswahili."

Mama alinitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha mambo mawili, soko na kanisa. Cha soko kilikuwa cha hesabu na kukataa bei. Kwa hiyo yule mbwa akasemeshwa kwa kile cha kanisani. Mama akitaka aingie ndani: "Karibu, ndugu." Akitaka alale: "Tuketi." Akitaka atoke nje: "Nendeni na amani." Wiki ya kwanza nilicheka mpaka mbavu zikaomba likizo. Niliwasimulia kazini na wao wakacheka.

Mbwa hakucheka. Alijikunja chini ya kichanja akalia siku tatu. Alikuwa ananitafuta mimi, lakini sikulijua hilo. Mama alipomkaribia alimnong'oneza yale maneno ya misa, taratibu, kwa woga, kama mtu anayesoma barua ya serikali, na yule mtoto akarudi nyuma. Mama akahisi amekosea maneno. Nilipokuja Jumapili aliniuliza, "Hivi ni 'kula' au 'ule'?" Nikamsahihisha. Nikamsahihisha mama yangu, nyumbani kwake, mbele ya mbwa.

Alijaribu miezi minne. Alimpikia ugali na dagaa, akamweka karibu na moto wakati wa baridi ile ya ukungu. Mbwa alikula, lakini hakumfuata shambani. Na kwa kuwa mama hakuwa na Kiswahili cha kumweleza mibuni ilivyo, wala cha kumsema marehemu baba, hakumweleza. Ilipofika Julai nilipanda ile njia nikafika mpaka mlangoni sijasikia kitu. Nikadhani hayupo. Alikuwepo, amekaa kwenye kigoda, mbwa upande ule, yeye upande huu, wote kimya.

"Mpeleke kwa wenye Kiswahili," aliniambia. "Mimi ananiona mshamba."

"Hapana, Mama, atazoea."

"Mpeleke, mwanangu. Ananiangalia kama karani."

Daktari alikuwa amehamishiwa Kihagara, chini ziwani. Nikampigia, nikasema mama hamuwezi yule mbwa. Hakuuliza kwa nini. Alisema alikuwa amelipoteza lile dume lake kwa ugonjwa, na mtoto wake ana nafasi pale. Nikampeleka. Mama alimsindikiza mpaka ukingo wa shamba, akainua mkono, akamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Nisamehe." Nilidhani anasahihisha kosa la lugha.

Baadaye nilimwambia nitamtafutia mwingine, wa kienyeji kabisa.

"Na huyo naye atakuja na masharti gani?" akauliza. Akakataa. Nyumba ikabaki kimya vile vile. Aliugua kifua msimu wa baridi uliofuata, hakuchukua muda mrefu. Katika ugonjwa wake alikuwa anaongea peke yake kwa Kimatengo, akigeuza uso chini, upande wa miguu ya kitanda, mahali ambapo yule mwekundu alikuwa analala.

Baada ya misa yake ya arobaini niliteremka Kihagara. Nilijiambia nakwenda kusalimia. Ukweli nilitaka kuona kitu kilicholishwa na mkono wake kikiwa bado kinapumua. Daktari nilimkuta uani anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye wavu. Alinipa pole, akaniwekea kiti. Mbwa alikuwa mbali, kwenye mchanga, amekuwa mkubwa kama baba yake. Daktari akageuka akaita. Hakuita kwa Kiswahili. Aliita kwa lugha yao ya Singida, neno refu lenye mteremko, na yule mbwa akaja mbio, akajitupa miguuni kwake, akageuza tumbo juu.

"Amejifunza lini Kinyaturu?" niliuliza.

"Nani?"

"Huyu. Si anajua Kiswahili?"

Alidhani natania. Nikamweleza yote, fundi cherehani, damu mbili, masharti niliyompa mama, karibu ndugu, tuketi, nendeni na amani. Nilipoanza alikuwa anatabasamu. Nilipofika kwenye kigoda aliacha usipa, akafuta mikono kwenye khanga, akakaa chini kwenye kizingiti.

"Mbwa hazaliwi na lugha," alisema. "Wala huyu, wala baba yake. Alikuwa amekuzoea wewe, basi, kwa sababu ndiye uliyemlea. Angemzoea na mama yako katika wiki mbili, kama ungemwacha amsemeshe kwa sauti yake mwenyewe."