Kiingereza cha Mama Ferista

Umempita. Usiseme hukumwona. Umepita Tunduma juu ya lori au kwa baiskeli, suruali imepigwa pasi, ukamwona mwanamke ameketi kando ya barabara na chungu cha viazi vitamu, amezungukwa na wanaume waliofunga mablanketi yao kwa kamba. Ukawasikia wanatamka Kiingereza kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Ukacheka kidogo, ukageuza uso. Basi leo keti usome, maana huyo uliyemgeuzia uso ana jina.

Anaitwa Sekela. Watu wa barabarani humwita Mama Ferista, ingawa Ferista yuko kaburini mwaka wa kumi na mbili huu.

Ni saa mbili asubuhi. Ukungu haujainuka, na lori la kuchukua vibarua wa migodini bado halijafika. Sekela anafunua jani la mgomba juu ya chungu, mvuke unatoka, anachukua kiazi na kukishika mkononi. Hampi mtu.

"Sema kwanza," anamwambia Asajile, baba wa watoto wawili kutoka Mbangala, anayekwenda kusini kwa mara ya kwanza.

"Ai wonti poteto," anasema Asajile.

"Unamwomba nani, mimi au miguu yangu? Tazama juu."

Wenzake wanacheka. Asajile anarudia, uso juu, anapewa kiazi chake.

Somo ndilo hilo. Halina ubao wala chaki. Sekela hufundisha mambo mawili tu. La kwanza ni kutaka: ai wonti, kisha unataja kitu. Ukitaka kutenda jambo, unatia "tu" katikati: ai wonti tu resti, nataka kupumzika, ai wonti tu si dokta, nataka kumwona daktari. La pili ni hali ya mtu: ai em, kisha unasema ulivyo. Hangri. Taidi. Siki.

"Sisi njaa tunaisikia, kama mtu anavyosikia ngoma ya jirani," huwaeleza. "Mzungu haisikii. Yeye anakuwa ni mwenye njaa, mwili mzima. Kwa hiyo ukiugua kule usitafute neno la kusikia. Sema ai em siki. Ugonjwa ni wewe mwenyewe, kuanzia utosini."

"Mama Ferista, hicho ni Kiingereza cha kunyonyea," anadakia Kasiani, mtu wa Galula aliyekwisha kumaliza mkataba mmoja mgodini na sasa anarudia wa pili. "Kule wanataka cha wanaume. Beba, chimba, sukuma, upesi."

"Hicho cha kubeba ulikwenda nacho, baba. Ukarudi na vidole vingapi?"

Wanaume wanaangua kicheko. Kasiani naye anacheka, kisha anaacha. Mkono wake wa kushoto anauingiza ndani ya blanketi.

"Mwamba ulikuwa unalia tangu asubuhi," anasema polepole. "Niliusikia. Lakini nilijua neno la kuitika tu. La kumwambia yule bwana kwamba naogopa, sikuwa nalo."

"Ai em afredi," Sekela anamwambia. "Sema."

Anasema. Anapewa kiazi, na safari hii hakuna anayecheka.

Hata hivyo Kasiani hakukosea. Kiingereza hiki ni cha mtoto, kwa sababu Sekela alikipata kwa mtoto.

Alizaliwa milima ya Undali, akaolewa Mbozi na Yonathani, ambaye naye alikwenda kusini, asirudi wala kuleta salamu. Ferista alikuwa tumboni. Mtoto alipoacha ziwa, Sekela aliajiriwa kazi ya uyaya katika shamba moja la kahawa la mzungu, kwa shilingi nane kwa mwezi. Ferista alibaki kwa bibi yake, mama wa Yonathani, ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa nzima, na mama yake alimwona Jumapili kwa Jumapili.

Mpishi na maboi wa nyumba ile walikuwa wamejifunza Kiingereza kwa bwana, kwa hiyo walijua cha kuamrishwa: lete, funga, osha. Sifa walizozijua ni zile walizopewa wao: mvivu, mchafu, mjinga. Sekela alijifunza sakafuni, kwa bwana mdogo, mtoto akijifunza kusema naye akijifunza. Na mtoto wa mzungu haamrishwi sana. Anataka. Anaona baridi, anaogopa giza, ana huzuni, na kila akisema hivyo mtu mzima huinuka kwenye kiti.

"Nikaona, kumbe lugha yao ina mlango huu," anasema Sekela. "Ukisema uko hivi, watu wanakujia. Nikaamini."

Mwaka 1943, mvua zikiwa kali, jirani wa mkwewe, Ketrina, alikuja mpaka mlango wa jikoni, amelowa chapachapa. Alisema Ferista kifua kinamwaka na hanywi hata maji. Ilikuwa saa ya chai ya asubuhi, memsahib, mke wa bwana, yuko barazani na wageni wake. Sekela alikwenda akasimama mbele yao, akasema yale aliyoyasikia mara nyingi yakiwainua watu.

"Ai em sadi. Ai wonti tu go homu."

Nina huzuni. Nataka kwenda nyumbani.

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ndivyo anavyosema mwenyewe. Walimcheka kama mtu amchekavyo kasuku aliyetamka vizuri. Memsahib alimwambia arudie, maana waliokaa mwisho wa meza hawakusikia.

Akarudia. Mgeni mmoja akampa biskuti, naye Sekela akarudishwa kwa bwana mdogo.

Alimlaza mtoto wa watu adhuhuri, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia. Aliwakuta wanawake wameketi chini nje ya nyumba ya mkwewe, wala hakuna aliyeinua uso kumtazama. Ile biskuti alikuwa nayo bado, ameifunga kwenye pindo la nguo. Alikuwa anampelekea mwanawe.

Kesho yake alifukuzwa kazi kwa kuondoka bila ruhusa.

Sasa soma vizuri, wewe mwenye cheti. Kiingereza chake siku ile hakikuwa na kosa. Neno la kutaka lilikaa mahali pake, na huzuni ilikaa mahali pake. Miaka yote tumeambiwa hatusikilizwi kwa kuwa hatujui kusema. Huyu alisema. Akaambiwa arudie.

Kwa nini basi anafundisha?

"Wasije wakasema hawakuambiwa," anajibu, akimenya kiazi. "Mtu akifa kule mgodini wanasema, mbona hakusema kama anaumwa? Mimi nataka awe amesema. Wakimwacha afe, wamwache huku wamesikia."

Na hilo ndilo wanalotaka kulizima. Mwezi uliopita wakala wa kuandikisha vibarua alikwenda kulalamika kwa jumbe. Alisema wanaume wanaokula viazi vya Sekela wanauliza maswali kabla ya kutia dole gumba: mkataba ni wa miezi mingapi, mgonjwa anatibiwa na nani. Jumbe ametuma tarishi. Jumatatu, barazani kwa jumbe, itaamuliwa kama Sekela aondolewe barabarani, yeye na chungu chake. Hana shamba, hana mume. Barabara ndiyo inayomlisha.

Amemwendea Osward, karani, ambaye hula viazi vyake kila Ijumaa, amwombe asimame naye.

"Dada yangu, mimi ni mtu wa ofisi," Osward alimwambia. "Nikisimama nawe Jumatatu, Jumanne nitakuwa hapa nauza viazi."

"Utauza sana, kaka. Una sauti nzuri."

Mwalimu mmoja naye amemwahidi kumwombea kwa Mungu. "Namshukuru," anasema Sekela. "Aombe akiwa amesimama barazani."

Wakimwacha, anataka kujenga kibanda cha nyasi mahali pale pale, mvua isimtawanyie watu. Na anataka kuwafundisha wasichana. Kila msimu wa kahawa wanaingia majumbani mwa wazungu, wanawaacha watoto wao kwa bibi zao kama alivyomwacha wake.

"Nataka niwashike kabla hawajaingia," anasema. "Tena wajifunze kusema pamoja. Mimi nilisimama peke yangu. Mmoja akisema, anachekesha. Wakisema kumi, watu wanaacha kula."

Kumi hao watoke wapi, kama si wewe? Jumatatu, saa tatu asubuhi, baraza la Tunduma. Karani, njoo. Mwalimu, njoo. Wewe mwenye duka uliyejifunza kusoma ukaficha ulichosoma kama mchawi anavyoficha dawa, njoo. Usilete pole, pole anazo za kutosha. Ukitoka Vwawa, anza safari Jumapili baada ya ibada. Na jumbe atakapouliza ni nani aliye upande wa mwanamke huyu, usimtazame jirani yako. Simama, useme ni mimi.